Kipanya cha kompyuta huchaguliwa na mkono, si macho

Mchukulie mama mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Ni mhasibu wa kampuni ndogo na ana watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Mchana mama yuko ofisini. Jioni anapika, anakagua madaftari ya mkubwa na kumnyonyesha mdogo hadi alale. Ikifika saa nne usiku, nyumba ikiwa kimya, anafungua kompyuta mpakato juu ya meza ya kulia chakula na kumalizia hesabu ambazo hazikuisha ofisini.

Kwa muda mrefu alitumia kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi. Kwa kazi ya hesabu, yenye kuvuta mistari na kubofya visanduku usiku kucha, kibao hicho kilimchosha vidole. Siku moja akipita Kariakoo aliona vipanya visivyo na waya vimepangwa mezani, vya kila rangi. Akachagua kimoja cha waridi, kidogo na chembamba kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha.

"Chukua hiyo dada, ndiyo inayotoka sana," muuzaji alimwambia.

Akalipa, akakitia kwenye pochi, akaondoka ameridhika.

Miezi mitatu baadaye alianza kuamka usiku mkono wa kulia ukiwa umekufa ganzi. Anautikisa, anausugua, nao unarudi taratibu huku ukichomachoma kama sindano. Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka.

"Mama, mkono wako umelala?" mkubwa aliuliza.

Mama alicheka, lakini moyoni alikuwa anawaza neno moja ambalo hakutaka kulitamka mbele ya mwanawe. Kiharusi.

Mama wa namna hii yupo katika nyumba nyingi, na baba wa namna hii pia. Kompyuta imehamia mezani nyumbani, lakini vifaa vinavyoambatana nayo bado vinanunuliwa kama pipi, kwa rangi na kwa bei. Kipanya, au mausi kama wauzaji wengi wanavyokiita, ni kifaa ambacho mkono hukishika kwa saa nyingi kuliko kijiko. Kinastahili kuchaguliwa kwa makini zaidi ya hapo.

Mkono uliokufa ganzi

Mama huyo alifanya jambo la maana. Hakusubiri, alikwenda hospitali. Daktari alimpima presha, akamwangalia uso, akamwambia anyooshe mikono yote miwili. Kisha akamkunja vifundo vya mikono kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha, ganzi ilikuwa imerudi.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari akauliza.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna mfereji mwembamba uliozungukwa na mifupa na utando mgumu. Ndani yake hupita kano zinazokunja vidole, pamoja na mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nafasi hiyo ikibanwa, mshipa huo hulalamika. Dalili yake inajulikana: ganzi na kuchomachoma kwenye vidole hivyo, hasa usiku, huku kidole cha mwisho kikibaki salama. Wengi hujikuta wakikung'uta mkono kitandani ili utulie.

Hali hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Ujauzito, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, unene na magonjwa ya viungo huongeza uwezekano wake. Kwa hiyo si haki kukitupia kipanya lawama zote, na wataalamu wenyewe bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani kipanya peke yake huleta tatizo hilo. Kinachofahamika vizuri ni kwamba kukunja kifundo kwenda juu kwa muda mrefu, huku vidole vikibana kitu, huongeza shinikizo ndani ya mfereji huo. Kipanya kidogo kuliko mkono, kinachotumika juu ya meza ndefu, hufanya mambo hayo mawili kwa pamoja.

Na kiharusi je? Chenyewe huja ghafla. Uso hupinda upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja hulegea, maneno hukwama au hutoka ovyo. Mwenye dalili hizo hapaswi kusubiri asubuhi wala kukandwa maji ya moto. Anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Ganzi inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, kwenye vidole vilevile, ni habari tofauti. Hata hivyo, nayo inahitaji kuonwa na daktari, kwa sababu mshipa ukibanwa kwa muda mrefu sana misuli ya chini ya kidole gumba huanza kunyong'onyea.

Kipimo cha kwanza ni kiganja

Kipanya cha kwanza kabisa kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Tangu wakati huo umbo limebadilika mara nyingi, lakini swali la msingi ni lilelile: je, mkono unatulia juu yake?

Mnunuzi anaweza kujua jibu kwa nusu dakika dukani. Anaweka kipanya mezani na kukifunika kwa kiganja bila kukibana. Kiganja kikilala juu ya mgongo wa kipanya, na ncha za vidole viwili vya mbele zikafika kwenye vitufe vyenyewe bila kujikunja kama kucha za kuku, ukubwa unafaa. Kiganja kikining'inia hewani na vidole vikalazimika kukinyakua, kipanya ni kidogo mno. Vidole visipofika mbele, au kidole gumba kikitanuka kupita kawaida, ni kikubwa mno.

Vipanya vidogo vya kusafiria huwa na urefu wa karibu sentimita 10. Vya kawaida vya mezani hufika sentimita 11 au 12, na vingine huzidi hapo. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo machoni, lakini mkono huihisi kila siku. Unene nao una maana. Kipanya bapa hupendeza kwenye begi, ila humfanya mtu alaze kiganja chini na kuinua vidole, na ndipo kifundo kinapojikunja. Chenye mgongo ulioinuka kidogo huuachia mkono mkao wake wa asili.

Vipo pia vipanya vya wima, ambavyo hushikwa kama mtu anayesalimiana kwa mkono. Huupunguzia mkono ule mzunguko wa kugeuza kiganja kiangalie chini, na baadhi ya wenye maumivu ya kigasha huona nafuu. Lakini si dawa ya mshipa uliobanwa, na huchukua siku kadhaa kuvizoea. Anayevitaka ajaribu kwanza cha rafiki au cha ofisini kabla ya kulipa.

Katika nyumba yenye watoto wa shule kuna jambo jingine. Mtoto wa miaka minane hawezi kutumia vizuri kipanya cha baba yake. Anakishika kwa mikono miwili, au anakikumbatia kwa vidole vyote na kubofya kwa kidole kisicho chake. Kile kidogo kinachomuumiza mtu mzima ndicho kinachomfaa yeye.

Na mtoto anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kuuacha. Kipanya chenye pande mbili zinazofanana kinashikika kwa mkono wowote, na ndani ya mipangilio ya kompyuta kuna sehemu ya kubadilisha kitufe kikuu kutoka kushoto kwenda kulia. Ni kazi ya dakika moja. Vipanya vilivyochongwa kwa mkono wa kulia, vyenye kijibonde cha kidole gumba upande mmoja, havimfai mtoto huyo hata kidogo.

Kipokezi au Bluetooth

Baada ya ukubwa, swali linalofuata ni kipanya kinavyoongea na kompyuta. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kipokezi, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji maarifa. Kinachomekwa, kipanya kinafanya kazi. Kinafaa kwa kompyuta za zamani na kwa wazazi wasiopenda kuhangaika na mipangilio. Ubaya wake ni kwamba kinachukua tundu moja, na kompyuta nyingi mpya nyembamba hazina tena tundu pana la USB, zina lile dogo la duaradufu linalofanana na la simu za kisasa. Mnunuzi asipoangalia kompyuta yake kabla ya kutoka nyumbani, atarudi na kipanya kisicho na pa kuchomekwa.

Ubaya wa pili ni kupotea. Kwa vipanya vingi vya bei nafuu, kipokezi kikipotea kipanya nacho kimekufa, kwa sababu viwili hivyo vimefungwa pamoja tangu kiwandani. Baadhi ya kampuni, kama Logitech, huuza vipokezi vinavyoweza kuunganishwa upya na vipanya vyake vinavyokubali mfumo huo, lakini hilo ni la kuulizia mapema.

Njia ya pili ni Bluetooth. Hapa hakuna cha kuchomeka wala cha kupoteza. Kipanya huunganishwa mara moja kwenye mipangilio, na baadaye hujiunga chenyewe kinapowashwa. Kinaweza kutumika pia na tableti na simu nyingi za Android, jambo linalomsaidia mzazi ambaye mtoto wake anasomea kwenye tableti. Vingine vina kitufe cha kuhama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, hivyo kipanya kimoja huhudumia kompyuta ya mama na tableti ya mtoto. Ila kikiwa kimesinzia, huchukua nukta chache kuamka, na si kila kompyuta ya zamani ina Bluetooth.

Vipo vyenye njia zote mbili, na kwa familia inayotumia vifaa tofauti hivyo ndivyo vyenye manufaa zaidi, bei ikiruhusu.

Njia zote mbili kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi za nyumbani na jiko la maikrowevu. Ndiyo maana wakati mwingine mshale hukwama au kurukaruka bila sababu inayoonekana. Kabla ya kukitupa kipanya, mzazi ahamishie kipokezi upande mwingine wa kompyuta, mbali na flashi au diski iliyochomekwa jirani. Vifaa vya USB 3 vinajulikana kwa kuvuruga mawimbi hayo vinapokaa karibu na kipokezi.

Betri, na mtoto anayetambaa

Vipanya visivyo na waya huendeshwa kwa betri za kawaida za AA au AAA, au kwa betri ya ndani inayochajiwa.

Betri ya AA ina faida moja kubwa nchini kwetu: inapatikana hata kwa Mangi wa jirani, umeme uwepo usiwepo. Ikiisha katikati ya kazi, mtoto anatumwa dukani na kazi inaendelea. Lakini betri za bei ya chini huvuja. Kipanya kikikaa kabatini miezi kadhaa na betri ndani, mzazi anaweza kukuta unga mweupe umekula vyuma vya ndani. Kisipotumika kwa muda mrefu, betri zitolewe.

Ya kuchaji huokoa gharama ya kununua betri kila mara, na waya wa simu mara nyingi hutosha kuichaji. La kuangalia ni mahali tundu la kuchajia lilipo. Likiwa mbele, kazi inaendelea huku kikichajiwa. Magic Mouse ya Apple iliyotoka mwaka 2015 ililiweka tundu hilo tumboni, hivyo ikichajiwa haitumiki. Watengenezaji wengine nao wamefanya hivyo. Ni vyema kukipindua kipanya na kuangalia kabla ya kulipa.

Yapo mambo mawili ambayo kwenye boksi huandikwa kwa herufi ndogo, au hayaandikwi kabisa, ilhali katika nyumba yenye mtoto anayetambaa ndiyo makubwa.

La kwanza ni kile kipokezi. Kidogo chake kinakaribia ukubwa wa punje kubwa ya hindi, nacho kikiachwa ukingoni mwa meza huanguka sakafuni, mahali ambapo mtoto wa miezi minane hukagua kila kitu kwa mdomo. Kinaweza kumkaba. Kipanya kizuri kwa nyumba ya namna hii ni chenye kijichumba tumboni cha kuhifadhi kipokezi, na mfuniko wa betri usiofunguka kwa kusukumwa na vidole vya mtoto.

La pili ni betri. AA na AAA zinapaswa kukaa mbali na watoto, lakini ndugu yao mwenye hatari zaidi ni ile betri bapa ya mviringo, inayong'aa kama sarafu. Vipanya vingi havina betri hiyo. Ila rimoti ndogo, mizani ya jikoni na midoli yenye taa inazo, na mara nyingi zote huishia kwenye droo moja na betri za kipanya. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili, hata kama ilishaonekana "imekufa". Mtoto anaweza kudondosha mate, kukataa kula, kukohoa au kutapika, na wakati mwingine haoneshi dalili yoyote. Mzazi anayeshuku hilo asimlazimishe mtoto kutapika wala asisubiri itoke kwa haja kubwa. Ampeleke haraka kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei, na aseme wazi kwamba anahofia ni betri.

Meza ya kioo na usingizi wa mtoto

Kipanya cha kisasa huona kwa mwanga. Taa ndogo iliyo chini humulika meza, na jicho lake hupiga picha za haraka kujua kimesogea wapi. Kwa sababu hiyo hakioni vizuri juu ya kioo kinachopenya mwanga, na meza za kulia za kioo zipo katika nyumba nyingi za mjini. Mshale ukigoma kwenye meza ya kioo, kipanya si kibovu. Kiwekewe daftari gumu chini, au kimkeka chake. Vipo vinavyoweza kufanya kazi juu ya kioo, kama vile vyenye teknolojia ya Darkfield ya Logitech, lakini bei yake ni ya juu na daftari la mtoto la shilingi chache hufanya kazi hiyohiyo.

Kwenye boksi huandikwa pia namba za DPI, na wauzaji hupenda kuzitaja kama farasi wa gari. Maana yake ni umbali ambao mshale husogea kioo kizima mkono unaposogea kidogo. Kwa hesabu, barua na masomo, 1000 hadi 1600 zinatosha kabisa. Maelfu mengi zaidi ni ya wacheza michezo ya kompyuta. Mshale mzito humlazimisha mtu kufagia meza kwa mkono, na ulio mwepesi mno humfanya akakamaze misuli ili asipitilize. Kasi hiyo hurekebishwa kwenye mipangilio bila kulipa shilingi.

Na kwa wanaofanya kazi watoto wakiwa wamelala chumba hichohicho, yapo matoleo yenye vitufe vya kimya. Sauti yake ni kama kugonga mto kwa kidole. Mama mwenye mtoto mwepesi kuamka anajua thamani ya jambo hilo kuliko muuzaji.

Safarini

Mama wa Tabata, kama wafanyakazi wengi, kila baada ya muda huitwa Dodoma. Siku hizi anapanda treni ya SGR, na njiani anajaribu kupunguza kazi. Mahali pa kusogezea kipanya hapo ni finyu, na hapa ndipo kipanya kidogo kina haki yake. Kwa saa tatu za safari hakitamdhuru mtu. Kosa ni kukifanya cha kila usiku nyumbani. Anayeweza awe na viwili, cha mezani na cha begini. Anayemudu kimoja tu achague kinachoutosha mkono, kisha akitafutie nafasi kwenye begi.

Kabla ya kufunga begi, kipanya kizimwe kwa swichi iliyo tumboni. Kisipozimwa, kila mtikisiko wa barabara hukiamsha na betri huisha kabla ya safari. Kipokezi kichomolewe na kurudishwa kwenye kijichumba chake, kwa sababu kikibaki kwenye kompyuta ndani ya begi kinaweza kugongwa na kupinda tundu la USB, na ufundi wa tundu hilo ni ghali kuliko kipanya chenyewe. Soksi safi ya mtoto hutosha kuwa mfuko wake.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu na benki za umeme hukaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege.

Dukani

Maduka ya Kariakoo yana vipanya vizuri na vya hovyo vimepangwa boksi kwa boksi. Neno "orijino" husemwa kwa vyote. Badala ya kubishana, mnunuzi aombe boksi lifunguliwe. Akifunike kwa kiganja kama ilivyoelezwa. Abofye kila kitufe mara ishirini na kuzungusha gurudumu la katikati mbele na nyuma. Afungue mfuniko wa betri na kuangalia kama vyuma vya ndani ni safi. Akihakikishe kwenye kompyuta yake mwenyewe kama ameibeba. Asome jina la kampuni herufi kwa herufi, maana feki nyingi hukosea hapo. Mwisho aombe risiti na waranti yenye siku zilizoandikwa.

"Dada, hii huwezi kuharibu," muuzaji anaweza kusema. Basi kama haiharibiki, haoni shida kuandika wiki mbili kwenye risiti.

Kipanya si dawa

Mama wa Tabata alinunua kipanya kingine, kikubwa kidogo, cha kijivu, kisichovutia mtu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba hicho peke yake hakitamaliza tatizo.

Meza nyingi za kulia ni ndefu kwa kazi ya kompyuta. Mabega hupanda, viwiko huning'inia, na kifundo huegemea ukingo wa meza. Mama akaanza kukalia mto mgumu ili viwiko vilingane na meza, akaweka kibao cha kukanyagia chini ya miguu, na kusogeza kipanya karibu kabisa na kibodi badala ya kukifuata mbali. Akajifunza kukisogeza kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, si kwa kukata kifundo kushoto na kulia. Kila nusu saa anaachia, ananyoosha vidole, anakwenda kuangalia watoto.

Usiku alivaa kifaa cha kushikilia kifundo kikae sawa, kama alivyoelekezwa hospitali. Wengine huhitaji sindano kwenye kifundo, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo wa kulegeza ule mfereji. Anayeona ganzi haiondoki hata mchana, vitu vinamponyoka, au kidole gumba kinapungua nguvu, asiendelee kubadilisha vipanya. Arudi kwa daktari.

Kile cha waridi hakikutupwa. Kilipewa mkubwa wa darasa la tatu, na kiganja chake kimekaa juu yake sawasawa, kama kilitengenezewa yeye. Kipokezi chake hulala ndani ya kipanya, na kipanya hulala juu ya kabati, mahali ambapo anayetambaa hafiki.

Katika wiki ya sita, mama aliamka tena saa nane usiku. Alikaa kitandani akasubiri ganzi. Haikuja. Kilichomwamsha kilikuwa mtoto mdogo akilia njaa.

Alimnyanyua kwa mikono yote miwili.